Hell's Gate kwa miguu: jinsi ya kuwaona ndege waliokimbia baridi ya Ulaya

Kuanzia Oktoba hadi Machi, kule kaskazini kukiwa na theluji, ndege wao wengi wako huku kwetu, na kwenye hifadhi ya taifa ya Hell's Gate pale Naivasha unaruhusiwa kutembea kwa miguu au baiskeli, kwa hivyo unawaona vizuri. Mimi napenda Januari na Februari, hakuna mvua sana. Nikipeleka watu tunafanya hivi.

1. Lipa kiingilio kwa eCitizen, mtandao wa serikali, usiku wa kuamkia safari, ufike Elsa Gate, lango la hifadhi, saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne jua limeshakuwa kali.

2. Anzia Fischer's Tower, ule mwamba wa mita 25. Watu wanapiga selfie wanaenda zao, wewe angalia pimbi wakiota jua. Pimbi ndio chakula cha tai mweusi, sasa ukisikia wamepiga kelele na wote wakapotelea kwenye nyufa, achana nao, inua macho juu haraka. Tai akigeuka utaona V nyeupe mgongoni.

3. Kwenye nyasi fupi kando ya barabara tafuta kandege kanachokimbia, kanasimama wima, kanakimbia tena, na kakiruka kiuno chake ni cheupe pe! Kwa Kiingereza ni Northern Wheatear. Haka kana gramu 25 hivi na wengine wao huzaliana Alaska, wanavuka Asia nzima hadi Afrika Mashariki, safari ya kilomita kama 14,500. Usikafuate, kaa chini utulie, katarudi kenyewe. Kwa kweli hapa ndipo napoteza muda mwingi kuliko kwa twiga.

4. Majabali sasa. Ukiona michirizi myeupe kama chokaa imemwagika, hicho ni kinyesi, hapo kuna kiota au tumbusi hulala. Darubini ya 8x42 (inakuza mara 8) inatosha. Mbayuwayu pia wamejaa: mgeni ana koo jekundu na mkanda mweusi-bluu kifuani, yule wa kahawia mwili mzima ni mwenyeji wa hapo hapo kwenye miamba.

5. Kushuka korongoni uliza rangers kwanza kama kuko wazi, na uchukue guide. Mvua ikinyesha huko juu maji yanakufikia hata kama wewe uko kwenye jua, mafuriko yaliua watu humo 2012 na tena 2019. Ukisikia ngurumo hata ya mbali, panda juu, ndege utawaona kesho.

Na nyati akiwa njiani, zunguka mbali bana, usimpigie kengele ya baiskeli.