Ukinyanyaswa kazini: anza na daftari, halafu hesabu siku

Mimi ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenye mashamba ya chai huku Rungwe, Tanzania, na wengi wanaonifuata wanakuja wakati siku za kulalamika zishaisha, ndo maana naandika hii.

Hatua ya 1: ujue unachofanyiwa. Watu wanadhani mpaka ushikwe mwili. Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, dini, jinsia, mimba, ndoa, ulemavu, umri, VVU na mengine, na imesema wazi kwamba unyanyasaji nao ni ubaguzi. Huku kwetu unajificha sana kwenye mizani. Mchumaji analipwa kwa kilo, sasa karani akikutaka ukamkatalia, kapu la kilo 18 linaanza kuandikwa 14, ukiuliza anakwambia majani yako yana maji, wakati wenzako mmechuma mstari mmoja, mvua ileile, na wao hawakatwi. Huo ni ubaguzi hata kama hajakugusa.

Hatua ya 2: andika siku hiyohiyo. Dada zangu, kaka zangu, hapa nawaomba sana mnisikilize. Daftari la shule linatosha, ila likae nyumbani. Weka tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, na maneno alivyoyatamka mwenyewe, usiongeze hata moja. Dada mmoja aliandika hivi: "Jumanne saa 5 asubuhi, mizani ya juu. Kasema nikija jioni kilo zangu zitarudi. Mama J alikuwa nyuma yangu na kapu." Basi. Akabana na risiti za kilo pembeni, za kabla ya kumkatalia na za baada. Karani alipoitwa ofisini akaanza kukana, kila alichokana risiti yake ilikuwa pale mezani. Meseji nazo usifute hata kama zinakutia kichefuchefu.

Hatua ya 3: barua kwa HR, yaani ofisi ya mwajiri inayoshughulikia wafanyakazi, nakala kwa mwakilishi, na nakala yako isainiwe kwamba wameipokea. Ukilalamika kwa mdomo tu kesho watasema hawajakuona.

Hatua ya 4: wakikaa kimya nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo Mbeya mjini. Unajaza fomu namba 1, nakala anapewa mwajiri kwanza. Kama umefukuzwa una siku 30, malalamiko mengine siku 60, na zinahesabiwa tangu jambo lilipotokea kwahiyo usizimalize kusubiri majibu ya HR. Ukishaonyesha dalili za ubaguzi, mwajiri ndo anatakiwa athibitishe kwamba hakubagua, na dalili zenyewe ndo lile daftari.

Hatua ya 5: akikushika kwa nguvu, au akitaka ngono ndo akupe kazi au kilo zako, hilo ni jinai, usisubiri ofisi. Nenda Dawati la Jinsia polisi. Rushwa ya ngono ipo kwenye sheria ya rushwa ya 2007, kifungu cha 25, TAKUKURU, yaani taasisi ya kupambana na rushwa, unawapigia 113 bure.

Na usiende peke yako. Mwambie mwakilishi wako mpande coaster ya asubuhi pamoja, beba daftari na risiti zote, hata zilizochanika.