Umenunua pikipiki mkononi mwa mtu? Usiipambe kwanza, ikague hivi

Wakuu, Dar hii ukipita Gerezani au Kariakoo hukosi kumwona kijana kanunua Boxer au TVS ya mkononi, chenji haijapoa mfukoni, tayari anafungiwa taa za rangi rangi, redio na stika ya timu yake, halafu ukichungulia tairi ya nyuma ni kipara na breki mpaka aisimamie kwa mguu mzima ndo ishike. Mi nasema hela ya kwanza iende kwenye oili, cheni, breki na tairi, mapambo yatasubiri tu hayaozi.

Karatasi kwanza, tena fasta. Uwe na kadi orijino sio kopi. Muuzaji akikwambia kadi ipo kwa bosi au ipo kule alikokopea, ujue hicho chombo bado kina mwenyewe, na siku utakamatwa nacho we ndo utajieleza. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, na ile ya kwenye kadi, kisha namba ya injini. Paguse kwa kidole, ukikuta pamesuguliwa kwa msasa au namba zimepinda pinda kama zimegongwa upya, nenda polisi mapema kabla hawajakufuata wao. Namba ya usajili, ile inayoanza na MC, iangalie kwenye mfumo wa faini za trafiki, maana madeni ya mwenzio yanakuja na chuma. Bima ihakikishe TIRA MIS, ule mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima. Andikishaneni mkataba wa mauziano, chukua kopi ya kitambulisho chake na TIN yake, mkabadili jina TRA akiwa bado anapokea simu zako.

Haya, chombo kipo uani. Kilomita za kwenye saa zisahau kabisa, ile kebo ya spidi inachomolewa kwa dakika moja na pikipiki ya kijiweni inaweza kukimbia mwaka mzima saa imelala. We angalia vitu ambavyo watu hawakumbuki kubadilisha: mpira wa kukanyagia gia, mpira wa kiki, sehemu za kuwekea miguu, siti ilivyobonyea. Saa inasema kilomita 15,000 na mpira wa gia umelika mpaka chuma kinaonekana, hapo unajua umeambiwa hadithi. Na kama ilikuwa bodaboda uliza ilikuwa ya hesabu au ya mkataba. Ya hesabu dereva anapeleka hela kwa bosi kila siku na chombo sio chake, kwaiyo wengi wanaikamua. Ya mkataba angalau anajua mwisho wa siku itakuwa yake, japo wapo wanaoanza kubana hela ya oili miezi ya mwishoni, hao nao shida.

Oili sasa, hapa tulia. Washa injini dakika chache ipate moto, zima, fungua nati ya chini umwagie kwenye beseni safi ili uione vizuri. Ikiwa nyeusi tu ni kawaida. Ikiwa imepauka kama chai ya maziwa, maji yameingia, na kwa mji huu wenye Jangwani na bonde la Msimbazi, ambako masika ikikolea pikipiki zinavushwa maji yakiwa juu ya injini, hicho kitu sio cha kushangaa. Mwaga, weka oili mpya ya bei rahisi, tembea kidogo, mwaga tena, ndo uweke nzuri. Ukiona vichembe vinavyong'aa, vya kuhesabika sio kesi, ila vikiwa vingi au kuna vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha, ndani kuna kitu kinasagika, andaa hela ya ovahoo, yaani kufungua injini nzima.

Afu oili ya kuweka: wengi wanamiminia ya gari kwa sababu ipo nyumbani au imeuzwa bei poa. Pikipiki hizi klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za kisasa za gari zina dawa ya utelezi, matokeo yake klachi inaanza kuteleza na fundi anakwambia plate zimeisha kumbe zilikuwa nzima. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, ndo alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya hivyo, unene 20W-50 kwa joto letu na injini iliyotumika unafaa kabisa. Kwa foleni za Mandela Road mi nabadili kila kilomita 2,000, kitabu kinaruhusu zaidi ila kitabu hakijakaa Buguruni saa kumi na moja jioni.

Moshi usome asubuhi injini ikiwa ya baridi, tena iguse kabla hujawasha, isije ikawa imepashwa. Moshi mweupe kidogo unaopotea haraka ni unyevu tu. Wa bluu ni oili inaungua: ukitoka pale unapovuta mafuta, shuku ringi na silinda, ukitoka pale unapoachia baada ya kupiga resi, shuku sili za valvu, na hiyo ya pili ni nafuu sana mfukoni. Mweusi ni petroli nyingi, anza na air klina na kabureta usikimbilie kufungua injini. Toa plagi pia uitazame: rangi ya kahawia hafifu ni fresh, nyeusi kavu kama masizi petroli imezidi, imelowa oili unajua tatizo liko wapi, nyeupe kabisa hewa imezidi na injini inachemka. Kelele ya cha cha cha upande wa juu inaweza kuwa valvu zinataka kusetiwa au taiming cheni imelegea. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini kabisa, ko ko ko unaoongezeka na resi, huo ni wa kukufanya umpigie muuzaji.

Klachi ijaribu barabarani, weka gia ya juu ukiwa mwendo wa kawaida halafu vuta mafuta yote. Injini ikilia spidi isipande, inateleza.

Sasa chini. Pandisha kwenye dabo stendi, shika tairi ya nyuma itikise kushoto kulia. Ikicheza, ni beringi za hub au bushi za swingamu (ule mkono wa chuma unaoshika tairi ya nyuma), na pikipiki zilizopiga sana mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, zinakuwa na huo ugonjwa. Hapohapo kagua fremu chini ya siti na panapofungwa keria kama kuna sehemu imechomelewa. Keria kuchomelewa sio neno, ila fremu yenyewe karibu na swingamu mi nisingeichukua hata kwa punguzo, na kama umeshainunua basi usiibebeshe mzigo mpaka fundi wa uhakika aione. Mwambie mtu aendeshe mbele yako taratibu kwenye njia iliyonyooka, we simama nyuma utazame kama tairi mbili zinafuatana mstari mmoja. Foku za mbele pitisha kidole kwenye ile pipe inayong'aa, kidole kikitoka na oili sili zimekufa. Usukani uzungushe taratibu tairi ya mbele ikiwa juu, ukihisi inajikwamia katikati beringi za usukani zimeliwa.

Cheni ibonyeze katikati, mchezo wa sentimita 2 hadi 3 unatosha. Jaribu kuivuta kutoka kwenye spoketi kubwa kwa nyuma, ikiachia ukaona nusu ya jino, cheni imeisha hiyo, na meno yakishakuwa yamelala na kuchongoka badilisha seti nzima, yaani cheni na spoketi zote mbili, ukiweka cheni mpya kwenye meno ya zamani inaliwa ndani ya muda mfupi.

Tairi nazo zina tarehe, wengi hawajui. Ubavuni kuna tarakimu nne, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata zote na bado ni ngumu imekauka, na ile mvua ya kwanza lami ikiwa na vumbi la mafuta ndo utaijua.

Pikipiki zilizokaa Kigamboni au Kunduchi karibu na bahari zipigie tochi: chini ya tangi, kwenye spoku, chini ya ekzosi. Chumvi inakula kimyakimya na rangi mpya inaificha. Fungua na air klina, ukikuta imejaa mchanga au haipo kabisa (kuna watu wanaitoa eti ipumue vizuri!), tegemea silinda imekwaruzwa.

Umeme unapimika kwa mita ya bei ndogo. Betri nzima ikiwa imetulia inasoma karibu volti 12.6, injini ikiwa kwenye resi kidogo ipande 13.5 mpaka 14.5. Isipopanda, chaji haiingii. Ikivuka 15, rektifaya (kifaa kinachodhibiti chaji) imeharibika na itakuunguzia taa moja baada ya nyingine.

Ndo sasa tuje kwenye maboresho. Cha kwanza traka ya GPS pamoja na swichi ya siri ya kukata umeme, fundi asiyejua kijiwe chako akufungie. Cha pili ngao ya kulinda injini na miguu. Taa ya LED nzuri, lakini pikipiki nyingi za hivi taa kubwa inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini sio betri, ukifunga LED hivihivi inachezacheza, fundi wa umeme ahamishe waya kwanza, na usizidishe taa mpaka chaji ishindwe. Kama unabeba mizigo, spoketi ya mbele ukipunguza jino 1 inavuta vizuri sana, spidi ya mwisho inashuka na injini inalia zaidi, chagua mwenyewe. Ekzosi ya kelele sina la kusema, majirani watasema.

Vikiisha vyote ipeleke Bagamoyo na kurudi, kwenda tu ni kama kilomita 60 na ushee, pita zako Tegeta na Bunju asubuhi mapema kabla ya malori. Ukirudi itandikie boksi chini ya injini usiku kucha uone kama kuna tone, na asubuhi zungukia nati zote na spana, hasa za ekseli, ngao na zinazoshika injini.