Bima ya nyumba: utajuaje kama ada unayotozwa ni halali au unapigwa

Watu wengi wakiletewa kotesheni ya bima ya nyumba (ile karatasi ya bei kabla hujakata) wanatafuta namba moja tu, ile ya chini kabisa iliyokolezwa, afu wanaanza kuuliza majirani "eti na wewe unalipa ngapi?", jirani akitaja nusu ya hiyo basi roho inauma. Inawezekana kweli umepigwa. Ila inawezekana pia aliyepigwa ni jirani na bado hajajua, atajua siku paa likiungua. Ada peke yake haikwambii kitu mpaka ujue inanunua nini, kwa hiyo ichambue kwanza ndo uanze kulalamika.

Cha kwanza tafuta reti. Chukua ada ya mwaka mzima, toa kodi na tozo zote (hizo ni za serikali, kampuni haiwezi kukupunguzia), gawanya kwa kiasi ambacho nyumba imekatiwa bima, zidisha kwa 100. Tuseme nyumba yako imekatiwa bima ya milioni 80 na ada ni laki moja na elfu 60, reti yako ni asilimia 0.2. Jirani analipa elfu 90 na anajisifu, kumbe nyumba yake imekatiwa milioni 30 tu, yaani asilimia 0.3. Mwenye bei mbaya hapo ni yeye. Ukishakuwa na reti ndo unaweza kulinganisha kampuni na kampuni, bila hiyo unabahatisha tu.

Sasa hicho kiasi chenyewe, hapa ndipo watu wanaumia zaidi kuliko kwenye reti. Nyumba inakatiwa bima kwa gharama ya kuijenga upya, sio kwa bei ambayo ungeiuza leo. Kiwanja hakiungui jamani! Kama uko eneo ambalo ardhi ni ghali na umetumia bei ya soko, unalipia bima ya udongo kila mwaka, na hata nyumba ikiteketea yote utalipwa hasara halisi tu, ile ziada imeenda bure. Na kinyume chake kipo pia, kuna sehemu ukiuza nyumba hupati hata nusu ya ulichotumia kujenga, huko ukitumia bei ya soko unakuwa na bima pungufu. Kupata gharama ya kujenga upya chukua ukubwa wa nyumba kwa mita za mraba, zidisha kwa gharama ya sasa ya kujenga mita moja (muulize mkadiriaji majenzi au mkandarasi anayejenga nyumba za aina yako, gharama ya miaka ile uliyojenga wewe achana nayo), afu ongeza vitu ambavyo watu husahau: kubomoa mabaki na kusomba kifusi, hela ya mchoraji ramani na vibali, uzio na vibanda vya nje kama unataka navyo viwemo.

Bima pungufu ni hatari kuliko watu wanavyodhani kwa sababu mikataba mingi ina kipengele cha uwiano. Maana yake ni hivi, kama kuijenga upya ni milioni 100 na wewe umekata bima ya milioni 60 ili ada ishuke, kampuni inahesabu kwamba umelipia asilimia 60 ya nyumba, basi jiko likiungua hasara ya milioni 20 unalipwa milioni 12, na hapo ekses (sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe) bado haijatolewa. Wengi wanafikiri "si nimekata milioni 60, hasara ni 20, nitalipwa yote". Hapana. Kwa hiyo ukiona kotesheni moja iko chini sana kuliko zingine, kabla hujafurahi angalia wameandika kiasi gani cha bima, mara nyingi siri iko hapo.

Ekses ni ile hela ya kwanza unayobeba mwenyewe kwenye kila dai, na ina hesabu yake nyepesi ambayo nashangaa watu hawaifanyi. Kotesheni ya kwanza ada laki moja na elfu 60, ekses laki tano. Ya pili ada laki mbili, ekses laki moja. Tofauti ya ada ni elfu 40 kwa mwaka, tofauti ya ekses ni laki nne, gawanya unapata miaka 10. Yaani ile ya pili inakulipa tu kama unategemea kudai zaidi ya mara moja kila miaka 10. Mimi kwa maoni yangu kama una akiba kidogo pembeni chukua ekses kubwa, bima ni ya yale majanga yanayokuangusha kabisa, kioo kilichopasuka lipa mwenyewe. Ila soma vizuri ekses imeandikwaje, maana ikiwa ni asilimia lazima ujue ni asilimia ya nini. Asilimia 2 ya hasara na asilimia 2 ya kiasi chote cha bima ni mbingu na ardhi, kwenye nyumba ya milioni 80 hiyo ya mwisho ni milioni moja na laki sita hata kama hasara yenyewe ni milioni mbili. Hii inatokea sana upande wa tetemeko na vimbunga.

Afu usome majanga yenyewe. Moto na radi karibu kila mkataba unazo, tatizo linaanzia kwenye maji: bomba likipasuka ndani ni kitu kimoja, mto ukifurika ni kitu kingine, na mkataba unaweza kulipa cha kwanza ukakataa cha pili. Mchwa, kuchakaa na nyufa za taratibu karibu wote hawalipi. Angalia pia nyumba ikikaa tupu inakuwaje, mikataba mingi inapunguza au inasimamisha baadhi ya kinga baada ya siku 30 au 60 bila mtu kulala humo. Na uliza wanalipaje, kitu kipya kwa cha zamani au wanakata uchakavu? Paa la miaka 20 likiezuliwa na upepo, mwenye mkataba wa kwanza anaezeka upya, wa pili anapewa hela ya mabati machache na pole nyingi. Kotesheni mbili zenye reti sawa lakini zinatofautiana hapo haziko sawa hata kidogo.

Sasa tuseme umelinganisha na bado yako iko juu. Kabla ya kusema wanakuonea jiulize nyumba yako ina nini. Vifaa vya ujenzi vinahesabika tangu zamani sana, baada ya moto mkubwa wa London wa 1666 Nicholas Barbon alianzisha ofisi ya bima ya moto na nyumba ya mbao ilitozwa mara mbili ya nyumba ya matofali, na mantiki hiyo haijabadilika, paa la nyasi litalipiwa zaidi ya bati au vigae. Wanaangalia pia umri wa nyaya za umeme, bonde na mto, umbali wa gari la zimamoto na kama linaweza kufika mlangoni, kama una wapangaji au biashara ndani, na madai uliyowahi kufanya. Omba nakala ya fomu yako uipitie, ukikuta wameandika paa la nyasi wakati ni vigae hiyo peke yake inaweza kushusha ada. Ila usije ukadanganya kushusha bei, ukificha jambo la muhimu wana haki ya kukataa dai lote, na watachunguza siku ya dai, siku ya kupokea hela yako hawachunguzi sana hahaha.

Na kitu kingine, ada kupanda wakati nyumba haijabadilika sio lazima uwe wizi. Kampuni nayo inajikatia bima kwa makampuni makubwa zaidi, majanga yakitokea hata mbali sana gharama hiyo inapanda na inakufikia. Bei ya saruji na ufundi ikipanda pia dai lilelile linakuwa kubwa. Lakini kuna kupanda kwingine ni kwa sababu wamekuona hulalamiki. Mteja mpya anapewa bei tamu, wewe wa miaka nane unaongezewa kidogokidogo kila ukihuisha mkataba, yaani ukikata tena mwaka ukiisha. Uingereza mamlaka yao ya kusimamia huduma za fedha, FCA, iliupiga marufuku mtindo huo kwenye bima za nyumba na magari kuanzia Januari 2022, mteja anayehuisha asitozwe zaidi ya ambavyo angetozwa kama mpya. Sehemu ambazo hakuna sheria hiyo njia ni moja, omba kotesheni ya kampuni hiyohiyo kama mteja mpya mwenye nyumba ya aina hiyo, ukiona tofauti wapigie simu uwaulize inatokana na nini, nyamaza usubiri jibu.

Malipo ya kila mwezi nayo yanaficha bei. Wakikwambia "ukilipa kidogokidogo tunaongeza asilimia 8 tu", hiyo 8 inaonekana ndogo lakini deni lenyewe linapungua kila mwezi, ukipiga hesabu sawasawa (malipo 12, la kwanza siku ya kuanza) ni kama mkopo wa riba ya asilimia 17 hivi kwa mwaka. Kama una hela lipa mara moja.

Ukitafuta kotesheni tafuta tatu angalau na wape wote karatasi ileile: kiasi kilekile, ekses ileile, majanga yaleyale. Muulize broka au wakala kamisheni yake ni ngapi, sio dhambi kuuliza. Uliza pia punguzo kwa miaka isiyo na dai, kwa kengele ya wizi, kwa kuweka bima ya jengo na ya vitu vya ndani pamoja. Lakini hilo la kengele lisome mara mbili, kuna mikataba inageuza punguzo kuwa sharti, kengele ikiwa mbovu siku ya wizi hulipwi.

Na ukiamua kuhama katikati ya mwaka uliza kwanza watarudisha kiasi gani, kampuni nyingi hazirudishi kwa hesabu ya siku zilizobaki, zina jedwali lao la kukata zaidi, mara nyingi ni nafuu kusubiri mkataba uishe. Kama nyumba iko kwenye mkopo waambie benki mapema maana jina lao huwa limo kwenye mkataba, na usifute wa zamani mpaka karatasi ya mpya iwe mkononi yenye tarehe ya kuanza.