Namna ya kuongoza tafakari ya wanafunzi baada ya safari ya huduma

Mlezi mwenzangu wa UKWATA (Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania), kazi ngumu ya safari ya huduma si kupaka darasa rangi wala kufundisha watoto mapambio. Kazi ngumu inaanza mkisharudi, pale unapomuuliza mwanafunzi amejifunza nini naye anajibu, "Nimejifunza kumshukuru Mungu kwa nilivyo navyo." Jibu hilo nimelisikia mno na linaniuma, kwa sababu mwenyeji hayumo ndani yake. Watu wamempikia, wamemlaza, wamemwombea, naye anachokumbuka ni umaskini wao na nafuu yake. Tafakari nzuri humrejesha mwenyeji kwenye simulizi, akiwa na jina lake na kazi yake.

Sisi huwa tunakwenda kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, likizo ya Juni: meli kutoka Mwanza hadi Nansio, gari hadi Bugolora, halafu kivuko hadi Bwisya. Hata kama kundi lako linakwenda Kome au Sengerema, utaratibu ni huu huu.

Anzeni kujiandaa mkiwa bado kule. Kila mwanafunzi awe na daftari dogo, na kabla ya kulala aandike mambo matatu: jina la mtu aliyezungumza naye, kitu alichomwona akikifanya, na swali moja alilobaki nalo. Usiwadai waandike walivyojisikia. Hisia zitakuja zenyewe, lakini jina la mama aliyewasongea ugali wa muhogo likishasahaulika halirudi.

Usifanye tafakari usiku wa mwisho. Watoto wamechoka, wanalia, wanaahidi mambo makubwa. Katika Marko 6 mitume wanaporudi na kumweleza Yesu waliyoyafanya na kuyafundisha, yeye anawaita kando wapumzike kwanza. Mimi ninasubiri Jumamosi inayofuata. Tunapanda kwenye majabali ya Isamilo, hapa Mwanza, asubuhi jua halijawa kali, na chupa za uji, na simu zote zinabaki kwenye kikapu changu.

Kisha anza na habari za mbali. Ninawasimulia kuhusu Wanavajo wa Marekani, ambao wenyewe hujiita Diné. Nchi yao imekalia sehemu za Arizona, New Mexico na Utah, na vikundi vya wanafunzi Wakristo huenda huko kukarabati nyumba na kufundisha watoto Biblia. Ninawaeleza kwamba mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga Wanavajo kwa miguu mamia ya kilomita hadi kambi ya Bosque Redondo, wengi wakafa, na kwamba waliruhusiwa kurudi kwao baada ya mkataba wa 1868. Ninawaeleza pia kuhusu shule za bweni, za serikali na za makanisa, ambako watoto walikatwa nywele na kuadhibiwa kwa kusema lugha ya nyumbani. Halafu ninauliza: kijana Mkristo akifika pale na kopo la rangi, anapaswa kujua nini kabla hajafungua mdomo? Wanafunzi wangu hujibu vizuri sana. Aulize wazee. Ajue nani alimtangulia na aliacha nini. Asidhani kwamba Mungu anafika pale kwa mara ya kwanza pamoja naye.

Andika majibu yao kwenye karatasi kubwa, yote. Kisha futa neno Navajo, andika Ukara, na uyasome tena polepole. Hapo unyamaze. Usiharakishe kuwasaidia.

Kutoka hapo, fungueni madaftari. Binti mmoja aliwahi kusoma, "Niliwaonea huruma, wanalima kwa shida." Nikamuuliza alimwona nani akilima. Akatafuta kurasa za nyuma, akakuta ameandika habari za mama mwenyeji wake: kabla ya alfajiri mama alikuwa amekwisha kata majani ya ng'ombe aliyefungiwa zizini, akazoa samadi kwa kikapu na kuipeleka shambani kichwani. Nikamwambia kwamba wataalamu wa kilimo wamekuwa wakiandika habari za Wakara kwa miongo mingi, kwa sababu katika kisiwa kidogo chenye mawe na watu wengi wamelirutubisha shamba lile lile mwaka hadi mwaka kwa samadi ya ng'ombe wa zizini. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ningemwuliza anavyofanya." Andika sentensi ya namna hiyo ubaoni. Hiyo ndiyo tafakari.

Msiliruke jambo la kivuko. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na Bwisya, watu zaidi ya 220 wakafa, na baadhi yao wamezikwa pale pale. Wanafunzi huvuka maji hayo wakiimba. Waulize waliona nini kwenye nyuso za wenyeji waliokaa nao, na kama kuna mtu aliyewasimulia. Asiyesimuliwa asilazimishe habari. Aziombee familia za waliozikwa pale.

Kuhusu picha nitasema kifupi: picha ya mtoto bila ruhusa ya mzazi haiendi kwenye status. Basi.

Malizieni kwa Luka 10. Wale sabini waliotumwa na Yesu wanaambiwa wakae katika nyumba moja na kula wanachopewa, na wanaporudi wakifurahia waliyoyaweza, Yesu anawaelekeza kwenye furaha nyingine. Waachie robo saa ya kusali kila mtu peke yake.

Kabla hamjashuka jabalini, mpigieni simu mwinjilisti wa kule, mweke spika, na mumwombe aseme ukweli: nini kilisaidia, nini kilikuwa mzigo. Mwambieni mapema ili azungumze na wazee kwanza. Akishtukizwa atawajibu kwa adabu tu. Wetu aliwahi kusema kwamba wageni wakija wengi mno, akina mama wanashindwa kwenda shamba kwa sababu ya kupika. Tukapunguza idadi, na sasa wavulana wetu wanachota maji na kuosha masufuria.

Mwishoni pangeni tarehe ya vijana wao kuja kwenu. Wapokewe majumbani, wahubiri ibada ya Jumapili, wafundishe wanachokijua. Nauli ya meli ichangwe na kundi lenu, na tarehe isigongane na mtihani wa moko wa kidato cha nne.