Shahada za sanaa na muziki Marekani: hesabu krediti kabla ya kuchagua

Jina la shahada halikuambii mengi; krediti, yaani vipimo vya uzito wa kila kozi, ndizo zinazosema. Shahada ya kwanza Marekani huwa na krediti zipatazo 120 kwa miaka minne. Fungua orodha ya kozi za chuo, shika kalamu, jumlisha krediti za muziki au sanaa peke yake. Kwenye BA (shahada ya kwanza yenye masomo mapana) utapata kama asilimia 30 hadi 45. Zilizobaki ni lugha, sayansi, historia. Kwenye BM ya muziki au BFA ya sanaa, yaani shahada za kwanza za kitaalamu, kwa kawaida ni asilimia 65 au zaidi.

Wengi huteleza hapa: mtu anaanza BA, mwaka wa tatu anataka kuhamia BM. Nadharia ya muziki na mafunzo ya sikio hupangwa kwa mfululizo, mara nyingi mihula minne, na huwezi kuruka hatua. Anaweza kuongeza mwaka mzima pamoja na ada yake. Kutoka BM kwenda BA ni rahisi zaidi, kwa hiyo mwenye kusitasita ni heri afanye usaili wa BM (kupiga au kuimba mbele ya walimu) mapema.

Anayetaka kufundisha shule za serikali achukue shahada ya ualimu wa muziki, yenye mazoezi ya kufundisha darasani. Leseni hutolewa na jimbo, basi aulize kwanza jimbo analolenga.

Maombi ya muziki mengi hufungwa Desemba. Ukitakiwa kutuma video ya mchujo wa kabla ya usaili, rekodi kila kipande kwa mkupuo mmoja. Video iliyoungwa katikati ya kipande huweza kukataliwa. Kwa sanaa, vyuo vingi huomba picha za kazi zako 10 hadi 20. Picha mbaya huua kazi nzuri: zima flashi, weka taa mbili, moja kila upande, kwa nyuzi 45, na kamera itazamane sawasawa na mchoro, la sivyo kingo zitapinda na rangi ya mafuta itang'aa.

Baada ya hapo, MFA (uzamili wa sanaa) ya miaka miwili au mitatu ndiyo ngazi ya juu ya kawaida kwa msanii, na humruhusu kuomba kazi ya kufundisha chuo kikuu. Mwanamuziki huchukua MM (uzamili wa muziki), kisha DMA (uzamivu wa muziki wa vitendo) akiwa mpigaji, au PhD (uzamivu wa utafiti) akiwa mtafiti. Diploma ya msanii (Artist Diploma) ni mafunzo makali ya kupiga, lakini si shahada. Usiihesabu kama uzamili unapoomba kazi.