Kumhamishia mtoto shule ya umma ya karibu Mombasa: jina lake lihame kabla ya yeye kuhama

Mwaka mzima binti yangu aliamka saa kumi na nusu alfajiri. Sisi tunakaa Likoni, shule yake ilikuwa kisiwani, na katikati kuna kivuko. Mtu wa miguu halipi kitu kwenye feri, kwa hivyo shida haikuwa nauli. Shida ni siku feri moja ikiharibika: watu wanafurika mpaka barabarani, na mtoto wa miaka tisa yumo katikati yao na begi lake mgongoni. Aliyewahi kumngojea mwanawe pale mpaka adhana ya magharibi ataelewa kwa nini niliamua kumhamishia shule ya umma ya upande wetu, ambayo kengele yake tunaisikia tukiwa nyumbani.

Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ilichukua muhula mzima.

Anza na nafasi. Nenda mwenyewe shule unayoitaka kabla muhula wa tatu haujafungwa, usingoje Januari wakati wazazi wote wako mlangoni. Beba cheti cha kuzaliwa, ripoti ya muhula uliopita, namba ya UPI, yaani ya kumtambulisha mwanafunzi kwenye mfumo wa wizara ya elimu, na namba ya tathmini ya KNEC, baraza la mitihani. Hizo namba mbili ziombe shule ya zamani ungali unaelewana nao vizuri. Kujiunga na shule ya umma hakulipiwi ada, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza. Ukiambiwa ulipe, omba risiti yenye jina la shule, kisha uende nayo kwa afisa wa elimu.

Hapo ndipo nilipoambiwa neno ambalo wazazi wengi wa Likoni, Kisauni na Jomvu wameambiwa: "Mama, mtaa wenu si wa shule hii." Nikauliza mpaka uko wapi. Nikaonyeshwa kwa kidole, barabara ile pale. Niliporudi wiki iliyofuata nikamkuta mwalimu mwingine, na mpaka wake ulikuwa njia nyingine kabisa.

Sheria hiyo ya 2013 haina ramani inayosema nyumba hii ni ya shule hii. Kilichomo, katika kifungu cha 28, ni kwamba serikali iweke shule mahali ambapo mtoto anaweza kufika bila taabu. Shule inaweza kukukatalia kwa kuwa darasa limejaa, na hilo ni jambo la kweli. Nimeona madarasa ambayo watoto wanabanana wanne kwenye dawati moja, na simlaumu mwalimu anayesema hawezi kuongeza. Lakini basi aandike hivyo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi kila mtu aliyeumizwa na uamuzi wa ofisi ya umma. Mimi niliomba kwa adabu, nikasema, "Mwalimu, nisaidie tu na barua ya kunikatalia, nipate kuipeleka mbele." Barua haikuandikwa. Siku mbili baadaye nikapigiwa simu kwamba nafasi ipo.

Ukipata nafasi, usitoke na ahadi ya mdomo. Chukua barua ya kukubaliwa, yenye muhuri na jina la gredi.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipoumia. Shule ya zamani ilinipa barua ya uhamisho, nzuri, yenye muhuri na sahihi. Nikashukuru, nikaenda zangu, Jumatatu binti akaanza shule mpya. Sikujua kwamba ile barua ni karatasi tu. Kwenye NEMIS, mfumo wa kompyuta wa wizara wenye majina ya wanafunzi, ambao mfumo mpya wa KEMIS unachukua nafasi yake, mtoto wangu alikuwa bado ni wa kisiwani. Shule ya zamani lazima imwachilie kwenye mfumo na shule mpya impokee. Mmoja wao akikaa kimya, mtoto hahami.

Ni nini kilichopotea? Pesa za elimu ya bure, ambazo kwa shule ya msingi zimewekwa kuwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, hufuata mahali mtoto alipoandikishwa, si dawati analokalia. Shule mpya ilikuwa inamsomesha binti yangu bila kumpokelea hata senti. Vitabu pia hugawiwa kwa hesabu ya waliomo kwenye mfumo, naye akawa anachungulia kitabu cha mwenzake. Na alikuwa Gredi ya 4. Alama za tathmini za shuleni kuanzia Gredi ya 4 hutumwa KNEC na huhesabiwa pamoja na mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6. KNEC nao wana mfumo wao, mbali na ule wa wizara. Kuhamishwa kwenye mmoja si kuhamishwa kwenye mwingine. Muulize mwalimu mkuu kuhusu mifumo yote miwili, kila mmoja kwa jina lake.

Nilivuka feri mara saba kufuatilia. Mara mwalimu anayeshika nywila yuko kwenye semina, mara intaneti haipo, mara niambiwe tayari na kumbe bado. Kilichosaidia ni kitu kidogo: niliacha kuuliza "mmeshamtoa?" nikaanza kusema "naomba nione kwenye skrini." Simama hapo mpaka uone jina la mwanao likiwa chini ya shule mpya. Kama bado, mwache aendelee na shule ya zamani siku hizo chache, hata kama inauma. Mtoto akishaondoka, shule ya zamani haina tena haraka na wewe.

Kwa kuwa kisiwani ni Mvita na kwetu ni Likoni, tulikuwa na kaunti ndogo mbili, hivyo maafisa wa elimu wawili. Mimi nilianza kwa kupeleka malalamiko ofisi za serikali ya kaunti, nikapoteza siku nne. Kaunti inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Shule za msingi ziko chini ya wizara ya serikali kuu, na ofisi yake ya karibu ni ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Nenda huko moja kwa moja. Peleka barua nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, kesho utaambiwa hujawahi kufika.

Binti yangu sasa anatoka nyumbani saa moja asubuhi. Lakini suala la mipaka halijaisha, kwa sababu jirani zangu wawili bado wanavusha watoto. Tulikaa wazazi kumi na mmoja, na hatukukubaliana kwa yote. Wengine wanataka mpaka uandikwe wazi ili kila mtaa ujue shule yake. Wengine wanaogopa kwamba ukiandikwa, mwenye mtoto mwenye ulemavu, au anayefanya kazi kisiwani na angependa kumpitisha mwanawe njiani, atafungiwa nje. Mimi nataka uandikwe, lakini uachwe mlango wa kuomba ruhusa, na wazazi waulizwe kabla, si baada.

Kwa hivyo tumeandika barua ya pamoja. Kifungu cha 37 cha Katiba kinaturuhusu kupeleka ombi kwa ofisi ya umma. Tumeorodhesha mitaa, umbali wa kutembea, barabara ambazo mtoto lazima azivuke, na idadi ya watoto wetu kwa gredi. Tumeacha matusi na maneno ya uchungu, ingawa yapo. Pamoja nayo tumepeleka ombi la taarifa chini ya sheria ya 2016 ya kupata habari: tuonyeshwe uamuzi unaosema mitaa yetu si ya shule ile, ulifanywa lini na nani. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, tunakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na nakala zetu zenye muhuri mkononi.

Siku zetu zinaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Jumamosi tunakutana tena nyumbani kwangu baada ya alasiri, na kila mzazi atakuja na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe.