Somo: kufunga hiti pampu na bomba za joto chini ya sakafu (walioko Uingereza)

Wadau, nimeulizwa sana hii kitu kwa hiyo naimwaga yote hapa. Hiti pampu ni friji iliyogeuzwa tu, inavuta joto kwenye hewa ya nje hata kukiwa na baridi kali inalipeleka kwenye maji. Uniti 1 ya umeme inaweza kukupa joto uniti 3 mpaka 4, ila hapo ni kama maji yako nyuzi 35 hivi, ukiilazimisha 55 inaanza kula umeme. Sakafu ni pana, inapasha nyumba hata kwa maji ya nyuzi 35, ndo maana kazi kubwa iko sakafuni.

Hatua ya 1: fundi apime joto linalopotea chumba kwa chumba. Akiangalia boila ya zamani (mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha nyumba) tu akakwambia "weka kilowati 12", mpe chai aende zake. Mashine ikiwa kubwa mno inawaka na kuzima ovyo, inachoka mapema.

Hatua ya 2: ruzuku. England na Wales kuna Boiler Upgrade Scheme, pauni 7,500, lazima fundi awe na usajili wa MCS (cheti cha mafundi wa nishati jadidifu), yeye ndo anaomba na inakatwa kwenye bei, haiingii mfukoni kwako. Scotland wana mpango wao.

Hatua ya 3, hapa tulia. Tandika bodi za kuzuia joto lisishuke ardhini, zungushia kuta utepe wa povu sababu sakafu ikipata moto inatanuka. Bomba la milimita 16 lipite bila kiungo hata kimoja chini, nafasi kati ya mstari na mstari sentimita 15, karibu na madirisha makubwa bana hadi 10, na kila lupu (mzunguko mmoja wa bomba) isizidi mita 100. Jaza maji, pandisha presha hadi baa 6, angalia geji kama inashuka. Piga picha ukiwa umeweka futikamba pembeni, siku ukitaka kutoboa sakafu utanishukuru. Mwaga skridi (tabaka la simenti na mchanga linalofunika bomba) bomba likiwa bado na presha, mtu akilitoboa na sepetu mshale wa geji unaanguka hapo hapo simenti ikiwa mbichi. Skridi ya simenti isubiri kama wiki 3, ndo uwashe nyuzi 25 upandishe taratibu.

Hatua ya 4: mashine ya nje ikae juu ya zege, mbele pawe wazi, chini weka kokoto maana ikiyeyusha barafu yake inamwaga maji, yakienda njiani yanaganda na mama mkwe anateleza.

Hatua ya 5: washa setingi inayofuata hali ya hewa ya nje, na usizime usiku kama ulivyozoea boila, sakafu nzito inachukua masaa kupata moto.

MASWALI

Mkuu, zulia naruhusiwa?
– Ruksa, ila zulia na povu linalotandikwa chini yake jumla isizidi togi 2.5 (togi ni kipimo cha kuzuia joto). Vigae ndo mwake.

Maji ya kuoga nayo ni nyuzi 35?
– Hapana dada, yana tanki lake, yanapanda 50 hivi, na mara moja kwa wiki inayafikisha 60 kuua bakteria.

Mi najenga Makete, Tanzania, baridi ya Juni si mchezo, nifunge?
– Kaka, gharama yote hiyo ya nini. Chukua AC ya invata inayotoa moto na baridi, funga chumba cha kulala, halafu ziba dari na madirisha vizuri.